Skii za karakana: mafundi wachache wanapumuaje katikati ya majitu?

Chukua msumeno ukate skii, ule ubao mrefu mwembamba wa kutelezea kwenye theluji, katikati kama unavyokata muwa, halafu utazame pale ulipokatia. Utaona tabaka juu ya tabaka, kama chapati iliyokunjwa na kusukumwa na mtu anayejua kazi yake. Chini kabisa kuna plastiki ngumu yenye utelezi, ndiyo inayogusa theluji. Kandokando yake, kushoto na kulia, umepita ukanda mwembamba wa chuma wenye makali; pasipo huo mtelezaji angefika kwenye barafu akaenda kama sabuni sakafuni. Juu ya plastiki kimelazwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilichonyweshwa gundi ya epoksi, pengine pamoja na bati jembamba la aloi ya alumini. Katikati mna kiini cha mbao: popla, mepo, au paulonia kwa wanaotaka wepesi. Kisha kitambaa tena, na juu kabisa ngozi ya plastiki yenye michoro, rangi na jina la chapa.

Sasa kata skii mbili: moja ya Atomic, chapa yenye kiwanda kikubwa Altenmarkt, Austria, na nyingine iliyotoka karakana ya ON3P mjini Portland, Oregon. Futa majina ya juu. Mtu asiye wa kazi hii atapata tabu kukuambia ipi imetoka kwa jitu na ipi kwa mafundi wachache. Mfuatano wa tabaka ni uleule, na namna ya kuzigandisha ni ileile: unapanga kila kitu ndani ya kalibu, unafunga kwenye presi, unabana kwa nguvu huku unapasha joto, unasubiri gundi ikauke.

Basi kama vitu ni vilevile na njia ni ileile, mdogo anaishije? Kiwanda kinachonunua plastiki kwa shehena hakiwezi kulipa bei moja na mtu anayenunua mabunda machache. Kwa hesabu ya kawaida, karakana zote za skii zingekuwa zimefungwa zamani. Lakini zipo: Marekani, Kanada, Uswisi, Ufaransa, hata New Zealand. Nyingi hufa, nyingine huzaliwa, na chache zimepita miaka 15 zikiwa hai.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba mdogo anatengeneza kwa mikono, kwa mapenzi, kwa hiyo skii zake ni bora. Silikubali sana. Mikono ya fundi ni kitu kizuri, lakini kiwanda kikubwa kina wahandisi, maabara na mashine za kupima mtikisiko ambazo karakana haiwezi hata kuzikodi. Ninavyoona mimi, mashindano haya hayaamuliwi kwenye presi. Yanaamuliwa kwenye kalenda: nani anabaki na jozi ambayo haijauzwa ifikapo Februari.

Vitu vilevile, mlango uleule

Kwanza tuone kwa nini kuingia kwenye kazi hii ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Plastiki ya chini, vipande vya chuma vya kingo, aloi ya alumini, karibu vyote vinatoka kwa wasambazaji wachache, wengi wao wa Austria na Ujerumani. Ile aloi inayopendwa kwenye skii za mbio, iitwayo Titanal, hutengenezwa na kampuni ya AMAG ya Ranshofen, Austria. Mashine za kusaga na kunoa sehemu ya chini ya skii zinazoonekana kwenye maduka na viwanda vingi ni za Wintersteiger, yenye makao yake katika mji mdogo wa Ried im Innkreis. Na Fischer, mmoja wa majitu wenyewe, makao yake ni mji huohuo wa Ried. Hii ni sekta ndogo ambamo kila mtu anajua mlango wa mwenzake, na wasambazaji hawamfukuzi mteja kwa sababu ni mdogo. Wanamtoza zaidi, basi.

Presi nayo si siri. Wapo waliojijengea presi gereji kwa mihimili ya chuma na mipira ya zimamoto: mpira unalazwa ndani ya presi, unajazwa upepo wa kompresa, unavimba na kuibana skii sawasawa kutoka ncha hadi mkia. Kalibu la mbao bandia linakatwa kwa mashine ya kompyuta kwa siku moja. Kwa gharama ya gari lililotumika unaweza kuwa na karakana inayotoa jozi moja au mbili kwa siku.

Kiwanda kikubwa hakiwezi kufanya hivyo. Modeli moja ya skii huuzwa kwa urefu tofauti, sita au saba, na kila urefu una kalibu lake, la chuma au alumini, linalostahimili kubanwa maelfu ya mara. Gharama hiyo inageuka sumni ikigawanywa kwa makumi elfu ya jozi. Ikigawanywa kwa jozi mia mbili, inaua. Ndiyo maana jitu hupenda modeli itakayompendeza mtelezaji wa kila namna na kukaa sokoni miaka miwili au mitatu, kwa kubadilishwa rangi tu. Na ndiyo maana mdogo huenda pale ambapo jitu haoni faida: skii pana kupita kiasi kwa theluji laini yenye kina, au skii ya mtu mrefu mno.

Hesabu ya dukani

Tufanye mfano wa hesabu, tarakimu ni zangu za kueleweshana tu. Jozi inauzwa dukani dola 800. Duka liliinunua kwa dola 450, maana lina kodi ya pango, wafanyakazi, na jozi nyingine zitakazobaki zikauzwa kwa hasara. Ndani ya hizo 450 kiwanda kinalipa malighafi, mishahara, usafirishaji, wakala wa mauzo, matangazo, na wanamichezo wanaovaa nembo yake. Tuseme kuitengeneza jozi yenyewe kunakula dola 150.

Karakana inatengeneza jozi kama hiyo kwa dola 350, zaidi ya mara mbili. Lakini inamuuzia mtelezaji moja kwa moja kwa 750. Zinabaki dola 400 za kulipia pango, mafundi, tovuti na shida nyinginezo. Pengo lote la gharama limejazwa na ile sehemu ambayo kwa mwenzake huenda dukani. Bila intaneti mlango huu usingekuwepo. Zamani mtengenezaji asiyekuwa na rafu dukani alikuwa sawa na asiyekuwepo.

Lakini hesabu hiyo bado haijagusa kalenda. Maduka huagiza skii za majira ya baridi yajayo mapema, kati ya Januari na Machi, wakati baridi ya sasa haijaisha. Kiwanda kinatengeneza masika na kiangazi, kinasafirisha vuli. Kila mtu amekisia, miezi tisa kabla, theluji itaanguka kiasi gani na wapi. Isipoanguka Desemba, duka limejaa, Januari punguzo linaanza, Februari jozi ya dola 800 inauzwa 500, na mwaka unaofuata duka linaagiza kidogo kwa kuogopa. Katika milima ya Alps barani Ulaya, ambako misimu ya theluji haba kwenye vituo vya chini imekuwa jambo la kawaida, kukisia huku kunazidi kuwa kamari.

Mdogo anaweza kuukwepa mchezo huo. Anaonyesha michoro mwezi wa nne au wa tano, anatoa punguzo kwa wanaolipa mapema, anahesabu fedha mkononi, ndipo ananunua mbao. Ni kama fundi cherehani: hakati kitambaa kabla hujapimwa na kuacha kianzio. Jason Levinthal, ambaye ni mmoja wa watu wa kwanza kuuelewa mchezo huu kwa undani, alianzisha J Skis mwaka 2013 kwa utaratibu wa matoleo madogo yenye idadi maalumu. Kila jozi ina namba na sahihi yake ya mkono. Zikiisha, zimeisha. Hakuna Februari ya punguzo kwa sababu hakuna jozi ya kupunguzia.

Wagner Custom wa Telluride, Colorado, wameenda mbali zaidi. Mwanzilishi wake, Pete Wagner, alitoka kwenye kazi ya programu za kompyuta za kubuni fimbo za gofu. Kwao hakuna modeli unayochagua kwenye rafu: unajaza maswali kuhusu urefu, uzito, unateleza wapi, kwa kasi gani, skii gani ulizipenda na zipi zilikuudhi, na skii inachorwa kwa ajili yako peke yako. Bei inapita ya kawaida kwa mbali, na wateja wake si watu wanaotafuta nafuu.

Wazo linapozaliwa, na anayelichuma

Kuna hadithi moja ambayo watu wa milimani hawachoki kuisimulia. Shane McConkey, mtelezaji mwenye kipaji na vituko, alijiuliza kwa nini kwenye theluji laini watu wanatumia skii zilizobuniwa kwa theluji ngumu. Skii ya kawaida ukiilaza mezani, katikati imeinuka kidogo na ncha mbili zimegusa meza, kama upinde. Kwenye theluji laini ncha hizo huzama. McConkey alitazama skii za kwenye maji, zile za kuvutwa na boti, akafunga vifungo vya buti juu yake na kuteremka nazo mlimani Alaska. Kutoka hapo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikatoka skii iliyoitwa Spatula: katikati imegusa chini, ncha zote mbili zimeinuka kama ngalawa. Iliyokubali kuitengeneza ilikuwa Volant, chapa ya Colorado iliyojulikana kwa skii za juu ya chuma cha pua, na ilitengeneza kidogo sana. Wengi waliiona ni mzaha.

Miaka michache baadaye McConkey akiwa na K2, chapa kubwa ya Marekani, ikatoka skii iliyoitwa Pontoon, na baada ya hapo wazo la kuinua ncha likaingia karibu kila kiwanda. Leo hata skii ya mwanafunzi wa siku ya kwanza ina ncha iliyoinuliwa kidogo. Umbo ni kitu kigumu kukimiliki. Unaweza kulipima kwa rula dukani ukaondoka nalo. Volant ilikuwa tayari imeingia mikononi mwa Atomic. McConkey mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa kazini katika milima ya Dolomites, Italia.

Kwa hiyo mdogo hulipa ada ya shule, na jitu huchukua cheti. Sisemi hivyo kwa uchungu, maana wakati mwingine mambo huwa kinyume. Elan ya Slovenia, ambayo si karakana hata kidogo, ndiyo iliyotoa SCX mwaka 1993, skii yenye kiuno chembamba na ncha pana iliyorahisisha kukata kona. Wadogo wote wa leo wanachora viuno vyao kwa kufuata mlango ule.

Mdogo ni nani hasa?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Tunafikiri mdogo ni yule mwenye vumbi la mbao mikononi. Lakini Icelantic ya Colorado kwa miaka mingi imekuwa ikitengenezewa skii na Never Summer, kiwanda cha Denver kinachojulikana kwa snowboard, ubao mmoja mpana ambao mtelezaji husimama juu yake kwa miguu yote miwili, mmoja mbele ya mwingine. Black Crows, iliyozaliwa Chamonix, Ufaransa, mwaka 2006 na ambayo michoro yake utaitambua kutoka upande wa pili wa bonde, haina kiwanda chake. Hutengenezewa na viwanda vya Ulaya. Nayo Elan, mbali na skii zenye jina lake, imetengenezea chapa nyingine kwa miaka mingi katika kiwanda chake cha Begunje. Chapa iliyo huru kwa umiliki inaweza kutoka kwenye presi ya jitu, na sioni aibu katika hilo. Tatizo ni pale tu mtu anapouziwa hadithi ya karakana kumbe jozi ilishuka kwenye mkanda wa kiwanda.

Na majitu wenyewe walianzia wapi? Howard Head, mwanzilishi wa chapa ya Head, alikuwa mhandisi wa ndege Baltimore, Marekani, alipoanza kubandika alumini na mbao mwishoni mwa miaka ya 1940; watelezaji wakavunja majaribio yake moja baada ya jingine hadi 1950 alipopata iliyodumu. K2 ilianza mwaka 1962 kwenye kisiwa cha Vashon, jimbo la Washington, na Bill Kirschner aliyekuwa akitengeneza vizimba vya wanyama kwa nyuzi za kioo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji wa K2 ukahamia China. Levinthal naye, kabla ya J Skis, alianzisha chapa ya Line mwaka 1995 akiwa kijana kwenye gereji ya wazazi wake, na mwaka 2006 akaiuza kwa K2. Armada, iliyoanzishwa na watelezaji wenyewe mwaka 2002 kwa kauli ya kujitawala, ilinunuliwa na Amer Sports, kampuni ya Ufini ya vifaa vya michezo, mwaka 2017. Amer tayari ilikuwa na Salomon na Atomic, na mwaka 2019 yenyewe ikachukuliwa na kundi la wawekezaji likiongozwa na Anta ya China. Ukitazama rafu ya duka unaona chapa kumi. Ukifuata karatasi za umiliki unabaki na familia tatu au nne.

Ukubwa nao si kinga. Atomic ilifilisika mwaka 1994 ikiwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa, ndipo Amer ikainunua. Oktoba 2020 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kiwanda cha Fischer kilichoko Mukachevo, Ukraine, na maagizo ya baridi ile yakayumba.

Mlango mzito: mbio

Kuna uwanja mmoja ambao mdogo huufikia kwa shida, nao ni Kombe la Dunia la FIS, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Mwanamichezo wa ngazi ile hahitaji jozi moja, anahitaji makumi kwa msimu, na fundi wa chapa anayelala karakanani akizinoa na kuzipaka nta kulingana na theluji ya asubuhi. Hii ni gharama ya matangazo, wala hairudi kwa kuuza skii zilezile. Na si lazima hata ushinde. Wakenya wa umri fulani wanamkumbuka Philip Boit, mkimbiaji aliyegeuzwa mtelezaji na kupelekwa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998, safari na mazoezi yake ya Ufini yakigharamiwa na Nike. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri kwenye utepe amkumbatie. Hadithi ile ilizunguka dunia. Chapa ilijua inachonunua.

Pamoja na hayo, bingwa wa jumla wa Kombe la Dunia kwa wanaume kuanzia 2022 hadi 2025, mfululizo, ni Marco Odermatt, na miguuni mwake kuna Stöckli, kampuni ya Uswisi iliyoanza mwaka 1935, yenye kiwanda kimoja Malters karibu na Luzern na maduka yake yenyewe. Si karakana, lakini mbele ya Amer ni kama jahazi mbele ya meli ya makontena. Halafu yuko Marcel Hirscher, aliyechukua ubingwa wa jumla mara nane akiwa na Atomic, kisha akastaafu na kuanzisha Van Deer. Februari 2023 Henrik Kristoffersen wa Norway alikuwa bingwa wa dunia wa slalomu, mbio za kupinda kona za karibukaribu kati ya vijiti, akiwa juu ya skii za chapa hiyo, ambayo ilikuwa bado na maziwa mdomoni. Ungesema ni ushindi wa wanyonge, ila kwenye jina la kampuni kuna Red Bull, jitu la vinywaji.

Wadogo wengi wameacha kabisa kuutazama uwanja huo. Vilevile wameacha soko la kukodisha, ambako familia inayokwenda mlimani wiki moja kwa mwaka inapewa skii, buti na fimbo kwa pamoja; mwenye duka la kukodisha anataka jozi 300 zinazofanana, vipuri vya haraka na mkopo wa miezi sita. Hayo ni maji marefu kwa mtu wa presi moja.

Kinachowanyima usingizi zaidi ni dhamana. Tabaka likiachana, ukingo wa chuma ukichomoka, mteja anarudisha. Kiwanda kinampa jozi nyingine na kuendelea na siku yake. Kwa karakana, gundi mbovu ya wiki moja inaweza kuwa jozi 40 zinazorudi, na hizo ni faida ya mwaka. Faida yake pekee hapo ni kwamba malalamiko yanafika moja kwa moja kwa mtu aliyeibana skii ile, na kosa linarekebishwa wiki hiyohiyo. Ushuru nao unauma: Marekani ilipoupandisha mwaka 2025, hata skii iliyobanwa Colorado ililipa, kwa sababu ya plastiki na vyuma vinavyovuka bahari kutoka Ulaya.

Kisha kuna vifungo, ile mitambo ya springi inayoishika buti na kuiachia mtu anapoanguka ili mguu usivunjike. Karakana za skii hazivigusi. Vina viwango vya usalama, majaribio, na kesi mahakamani vikikosea. Marker imekuwa chini ya paa moja na Völkl na K2. Look iko nyumba moja na Rossignol. Tyrolia ni ya Head. Na Salomon na Atomic wana vyao ndani ya Amer. Mtelezaji anayefunga safari hadi Reno, Nevada, kununua jozi ya karakana ya Moment kwa sababu hataki kuwachangia majitu, anaibeba kwa furaha hadi kwa fundi wa kufunga vifungo, anatazama vilivyopangwa ukutani, na anafungua pochi tena.